Rufaa ya Kifungo cha Maisha na Kazi ya Ndugu

Rufaa dhidi ya kifungo cha maisha huitaka mahakama ya juu iamue mambo mawili: kama mtu alitiwa hatiani kihalali, na kama adhabu aliyopewa ndiyo inayotakiwa na sheria. Tanzania Bara, kifungo hicho ni cha uhai wote uliobaki. Hakipunguzwi kwa tabia njema kama vifungo vya miaka, na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inawaacha nje wafungwa wa maisha. Hutolewa kwa kubaka mtoto wa chini ya miaka kumi, kwa kubaka kwa kundi, kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya na kwa makosa mengine machache. Wapo pia waliohukumiwa kunyongwa, kisha Rais akawabadilishia adhabu. Kwa wote hao njia za kutoka ni mbili tu, rufaa na huruma ya Rais. Mhadhara huu unahusu ya kwanza, na hasa watu wanaoihangaikia kutoka nje ya ukuta: mama, mke, kaka, binti.

Historia ya ngazi za mahakama haihitaji kurefushwa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, siku chache tu baada ya kukamatwa, na hapakuwa na pa kupeleka malalamiko. Baadaye zikaja mahakama za Waingereza, mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1979. Kwa mtu wa pwani kilicho kizito zaidi ni jiografia. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya ya Bagamoyo ilizoeleka kupanda Mahakama Kuu Dar es Salaam, na mfungwa wake akaishia Ukonga. Ukipita Saadani ukafika Mkwaja, umeshaingia Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga. Huko rufaa huelekea Tanga na mfungwa Maweni. Wavuvi wa vijiji hivyo viwili wanajuana kwa majina, lakini ndugu zao wakifungwa, mmoja atashika basi la kusini na mwingine la kaskazini.

Kuna rai moja iliyoenea barazani, kuanzia Bagamoyo mjini hadi Kaole, nayo husemwa kwa nia njema: rufaa ni kuchoma hela, tulia usubiri msamaha. Ushahidi wake huwa kesi moja inayojulikana na kila mtu, ya mpiga gitaa Nguza Viking, Babu Seya, aliyetoka Kongo na kupata jina enzi za bendi ya Maquis. Mwezi Juni 2004 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu yeye na wanawe watatu kifungo cha maisha kwa kubaka na kulawiti wanafunzi wa shule ya msingi, Sinza. Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao Januari 2005. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hatia ya baba na ya mwanawe Johnson, Papii Kocha, na mwaka 2013 ikakataa ombi lao la mapitio. Tarehe 9 Desemba 2017, Dodoma, Rais John Magufuli akawasamehe. Ikisimuliwa hivyo, mahakama zilifunga kila mlango na Ikulu ikafungua.

Simulizi hiyo inawasahau watu wawili. Walioingia gerezani mwaka 2004 walikuwa baba na wana watatu. Waliotoka kwa msamaha ni baba na mwana mmoja. Wana wengine wawili, Nguza Mbangu na Francis Nguza, walikuwa nje tangu Februari 2010, na aliyewatoa ni Mahakama ya Rufani ileile, katika hukumu ileile, baada ya kuona kuwa ushahidi dhidi yao hautoshi. Hawakusubiri sherehe yoyote. Kama familia ingefuata ushauri wa barazani na kuacha karatasi zilale, vijana hao wangekaa ndani karibu miaka minane zaidi, na hata hapo wangetegemea majina yao yasomwe. Kesi inayotajwa kila siku kuthibitisha kwamba rufaa haifai ndiyo iliyowafungulia nusu ya waliofungwa.

Rai hiyo ina udhaifu mwingine. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kwa masharti au bila masharti. Haimpi mfungwa haki ya kusamehewa. Misamaha ya sikukuu za kitaifa hutolewa na orodha ya makosa yasiyohusika, na makosa ya kujamiiana na watoto hutajwa humo mara kwa mara. Rufaa, kwa upande wake, ni haki iliyoandikwa katika Ibara ya 13. Anayesubiri msamaha anasubiri hiari ya mtu mwingine. Anayekata rufaa anadai kilicho chake, na mahakama ikimkatalia italazimika kueleza sababu kwa maandishi.

Tena msamaha huondoa adhabu tu, hausemi neno juu ya kesi yenyewe. Mfano ni huohuo. Tarehe 23 Machi 2018, wakati Babu Seya na mwanawe wako uraiani, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa, kwa kuwa hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi na mashahidi muhimu waliowaomba hawakuitwa. Hilo si sawa na kusema watoto walidanganya, na Mahakama haikusema hivyo. Ilisema mwenendo wa kesi ulikuwa na kasoro, na kasoro ya mwenendo hupatikana kwa kusoma mwenendo. Hakuna tangazo la msamaha linaloweza kufanya kazi hiyo.

Baya kuliko yote ni kalenda. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mfungwa ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala za mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa hutolewa ndani ya siku 30. Anayekaa kungoja tarehe 26 Aprili au 9 Desemba anaziacha siku hizo zipite huku akidhani ana subira. Ni kweli muda unaweza kuongezwa kwa sababu ya msingi, na majaji huwa wapole kwa mtu aliyefungwa, hasa aliyehamishwa gereza. Lakini ombi hilo linataka hati ya kiapo, maelezo ya kila kipindi cha ucheleweshaji na pengine mwaka mwingine wa kungoja, kabla sababu hata moja ya rufaa haijasikilizwa.

Rai ya barazani ina kweli moja ndani yake: rufaa ni polepole. Kati ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, familia ya Nguza ilingoja miaka mitano. Ila ucheleweshaji huo humkuta anayekata rufaa na asiyekata vilevile, kwa kuwa wote wawili wamo ndani.

Kitu chenye thamani kuliko vyote katika rufaa ni mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya kila kilichotendeka mahakamani tangu hati ya mashtaka iliposomwa. Ndugu wengi hung'ang'ania nakala ya hukumu wakauacha mwenendo, na hapo ndipo wanapokosea. Hukumu ni maoni ya hakimu juu ya ushahidi, na ushahidi wenyewe umo katika mwenendo. Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Kanuni hiyo ilikaziwa katika kesi ya Pandya mwaka 1957 na ya Okeno, Kenya, mwaka 1972, na bado inatajwa kila wiki. Ngazi inayofuata ni nyembamba zaidi. Rufaa ya pili husikilizwa kwa hoja za kisheria, na hoja ya ushahidi isiyowahi kutajwa Mahakama Kuu kwa kawaida haipokelewi. Nguvu za familia, kama ni chache, zitumike katika siku zile 45 za mwanzo.

Mwenendo una lugha yake. Katika mahakama za mwanzo shahidi wa mashtaka ni SM1, SM2, na wa utetezi SU1; katika kumbukumbu za Kiingereza herufi ni PW na DW. Baada ya maelezo ya shahidi huja maswali ya upande wa pili, na mara nyingi mstari wa maana uko hapo, umeandikwa kwa mkato na mkono uliochoka. Mistari ya kutafutwa inajulikana. Je, umri wa mtoto ulithibitishwa na mzazi, daktari au cheti, au umetajwa tu kwenye hati ya mashtaka? Kifungo cha maisha kwa kosa la kubaka kinategemea mtoto awe chini ya miaka kumi; umri huo usipothibitishwa, adhabu haisimami hata kama hatia inasimama. Je, mtoto alitoa ahadi ya kusema kweli, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka tangu marekebisho ya mwaka 2016? Mahakama ya Rufani siku hizi haikubali kila kasoro ya namna hiyo ifungue gereza, lakini ni lazima itazamwe. Je, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ilisomwa mahakamani baada ya kupokelewa? Kama tukio lilikuwa la usiku, shahidi alieleza mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa hatua ngapi na alimtazama mtu kwa muda gani, kama ilivyosisitizwa katika kesi ya Waziri Amani, 1980?

Mtoa mhadhara aliwahi kuletewa mwenendo na mama mmoja, mchuuzi wa samaki wa kijiji cha kusini mwa Bagamoyo, ambaye kaka yake alifungwa maisha. Karatasi zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa sukari, na pembe zake zilinukia ng'onda. Mama huyo hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu: kutoka ukurasa wa 27 nakala ilirukia 29. Aliyemtolea kopi alimwambia haina shida. Yeye aliona ina shida, akarudi masjala mara kadhaa hadi akapewa ukurasa uliokosekana. Humo mzazi wa mtoto, akijibu swali, alisema binti yake alikuwa darasa la tano, na hakuna kadi ya kliniki wala cheti kilichotolewa kuonyesha ana miaka chini ya kumi. Hatia ilibaki, adhabu ikashuka hadi miaka 30. Wakili aliyeisimamia rufaa alisifiwa sana, na alistahili. Ukurasa wa 28, hata hivyo, hakuutafuta yeye.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hilo litawapunguzia mzigo watakaofungwa kesho. Kumbukumbu za miaka ya nyuma bado ziko kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa kidato cha nne anayewasomea wazee wake sebuleni, sentensi kwa sentensi, anafanya kazi ya rufaa bila kujua.

Sheria inamruhusu mfungwa kukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuifikisha mahakamani. Kwa hiyo sababu za rufaa nyingi huandikwa gerezani na wafungwa wenzake waliobobea, na baadhi huandikwa vizuri kushangaza. Kazi ya ndugu ni kupeleka nakala, kuuliza namba ya rufaa, kuandika tarehe ya kila barua na jina na cheo cha aliyeipokea, na kujua mfungwa amehamishiwa wapi. Kazi nyingine ni kumkwepa kishoka, mtu wa nje ya geti anayedai anamjua karani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili lakini wanaweza kusoma karatasi na kuelekeza njia. Kwa familia isiyo na kitu, huko ndiko kwa kuanzia.

Pwani ina ugumu wake. Aliyetendewa na aliyefungwa mara nyingi ni wa mtaa mmoja, pengine ukoo mmoja, na wazee hupendekeza yamalizwe nyumbani: shahidi aombwe akaseme alikosea. Hilo ni kosa la jinai kwa wanaolishawishi, ni dhuluma ya pili kwa mtoto, na mahakama huyatilia shaka sana maneno yaliyogeuzwa baada ya hukumu. Kumsaidia ndugu kwa rufaa hakumlazimishi mtu kumchukia aliyelalamika. Wala hakumlazimishi kuamini kwamba ndugu yake hakutenda. Mtu aliyetenda naye ana haki ya adhabu iliyo sahihi.

Mwisho wa rufaa una sura kadhaa. Mfungwa anaweza kuachiwa huru, kupunguziwa adhabu, au rufaa ikatupwa. Kesi inaweza kurudishwa isikilizwe upya, na hapo mfungwa anakuwa mahabusu tena. Tangu kesi ya Fatehali Manji, 1966, hilo halifanywi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Mahakama pia inaweza kuongeza adhabu iliyokuwa pungufu kisheria, jambo la kumweleza mapema aliyefungwa miaka 30 kwa kosa lenye kifungo cha maisha. Kuhusu uhalali wa kifungo hicho chenyewe, majirani wa kaskazini wameyumba. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikiketi Malindi, ilisema kifungo cha maisha kisicho na ukomo kinakiuka katiba, ikaweka miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

Baada ya Mahakama ya Rufani kinabaki kiupenyo cha mapitio, ndani ya siku 60 na kwa sababu chache kama kosa la wazi kwenye kumbukumbu au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Arusha ilikuwa ngazi nyingine hadi Tanzania ilipotoa notisi, Novemba 2019, ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja. Uamuzi huo ulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Maombi yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea kusikilizwa. Mapya ya watu binafsi hayapokelewi.