Kuandika Kutoka Rungwe: Vichokozi na Mbinu kwa Vilabu vya Uandishi vya Wanafunzi

Mada kwa walimu walezi na wanachama wa vilabu vya uandishi vya shule za sekondari, Tukuyu

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotuachia Jumamosi yenu,

Chukua rundo la hadithi za kidato cha pili, usome kurasa za kwanza tu. Nyingi zinatokea Dar es Salaam. Kuna ghorofa, kuna gari jeusi, kuna tajiri na binti yake wa pekee, na mwishoni polisi wanafika. Aliyeandika anaishi Katumba au Kiwira. Simlaumu. Insha tulizomfundisha zimemzoesha kufungua kwa methali na kufunga kwa onyo, na tamthilia anazotazama kwenye simu zimemwaminisha kwamba mambo ya kuandikwa hutokea mbali na kwao. Kazi ya kwanza ya klabu ya uandishi hapa Rungwe ni kumrudisha kwenye yale anayoyajua kwa macho, pua na masikio yake. Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu vichokozi.

"Umuhimu wa misitu" ni mada, na mada huzaa hotuba. Kichokozi humpa mwandishi mahali, humpa mtu, kisha humwachia jambo ambalo halijaisha. Na mahali hapo hapahitaji kuwa mbali. Mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alipotoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, familia ya Rosa aliiweka Namagondo. Adam Shafi naye aliwaandika makuli wa bandari ya Zanzibar katika riwaya ya Kuli. Hakuna kati yao aliyeomba radhi kwa kuandika habari za kwao.

Nianze na kichokozi ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Masimulizi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, yana wanyama wa kweli na wa kufikirika, hivyo wageni hawakuwa na hakika kama huyu yupo. Baadaye mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika baada ya miaka 83.

Sasa tazameni watu waliomo humu. Mzee amemjua mnyama huyu tangu utoto. Mbele yake amekaa msomi mwenye daftari, anauliza kwa adabu, lakini moyoni anasita. Andika mazungumzo yao kwa ukurasa mmoja. Mzee asitamke neno "kweli", na mgeni asitamke neno "siamini". Mashaka yaonekane katika maswali, katika kimya, katika namna kikombe cha chai kinavyorudishwa mezani. Kizuizi hicho ndicho kinachofundisha, kwa sababu wanafunzi wetu wamezoea wahusika wanaotangaza kila wanachohisi: "Nimekasirika sana!" Ukiwanyima neno, watatafuta tendo. Wakimaliza, waandike upya tukio lilelile kwa mdomo wa mtoto wa mwindaji, aliyejificha nyuma ya mlango, anayejua kwamba kuwinda katika hifadhi kunakatazwa, na ambaye kila jibu la baba yake linamtia hofu. Hapo watajifunza nafsi ya msimulizi zaidi kuliko kwa kukariri maana yake.

Kichokozi cha pili ni ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi kando yake. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia Neu Langenburg, mji huu tunaouita Tukuyu. Husimuliwa kwamba kabla ya kukimbia, Wajerumani walitosa silaha na hela ziwani. Wanafunzi hukimbilia hazina. Waelekezeni kwa mpagazi. Nani alibeba masanduku yale hadi majini? Aliporudi nyumbani usiku, alimwambia mkewe nini? Hapa mwalimu mlezi atenganishe mambo waziwazi: vita na mwezi ule ni historia, kutoswa kwa hela ni simulizi, na mpagazi ni wenu kumbuni. Mwandishi chipukizi anayejua mipaka hiyo ataheshimu ukweli na bado atakuwa huru.

Kichokozi cha tatu ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kila mwanafunzi huandika kwamba "mvua kubwa ilinyesha". Mwambie aandike aya moja ya mvua bila kutaja neno mvua. Atalazimika kukumbuka kelele za bati zinazomfanya mwalimu aache kufundisha, sare isiyokauka siku ya tatu, na matope yanayobaki na kiatu.

Kwa mazungumzo, nendeni sokoni. Mpeni mwandishi mama mwenye mikungu mitatu ya ndizi, dalali, na Fuso linalotaka kuondoka kabla ya giza. Asisimulie chochote, waongee tu.

"Mama, leo mzigo umekuwa mwingi."

"Umekuwa mwingi wapi, mwanangu, na gari lako lina nafasi?"

Mistari miwili, na tayari tunajua nani anabanwa na nani anajua kwamba mwenzake anamdanganya. Mama huyo akishukuru kwa Kinyakyusa kwa kusema "ndaga", mwalimu asilikate neno hilo kwa kalamu nyekundu. Kiswahili cha hadithi zetu kina nafasi ya kutosha kwa sauti za Rungwe.

Na wapo wazee wanaokumbuka mwaka 1986, timu ya soka ya Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mtumeni mwanafunzi akamuulize mmoja wao alikuwa wapi siku hiyo, nani alishika redio, na walikula nini. Majina ya watu wa kweli ayabadilishe anapogeuza habari hiyo kuwa hadithi.

Kuhusu kuendesha klabu, nina machache lakini nayasisitiza. Andikeni palepale mkutanoni, dakika kumi, na mwalimu aandike pamoja nao. Wanafunzi humwamini anayethubutu kusoma rasimu yake mbele yao. Kisha kila mtu asome kwa sauti. Msikilizaji asiseme "nzuri" wala "mbaya". Aseme kitu kimoja alichokiona akilini na kitu kimoja asichokielewa. Makosa ya tahajia yasubiri rasimu ya pili. Nimeona wanafunzi wenye kipaji wakinyamaza mwaka mzima kwa sababu jambo la kwanza waliloambiwa lilikuwa kuhusu herufi kubwa.

Katika rasimu ya pili, jaribuni kufuta aya ya kwanza na ya mwisho. Mara nyingi aya ya kwanza ni mwandishi anayejitayarisha kuanza, na ya mwisho ni mwandishi anayetuhubiria. Kilichobaki katikati ndicho hadithi.

Kazi isomwe na watu. Gazeti la ukutani linatosha kwa kuanzia: mwandishi apite koridoni aone mwenzake amesimama kusoma. Wanaoendelea wajue pia kwamba ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwamba washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ningefurahi sana kusikia jina kutoka wilaya hii.

Baada ya chai tutagawanyika makundi manne: kipunji, ziwa, mvua na soko. Walimu wachanganyike na wanafunzi, na kila mmoja aje na kalamu yake. Tutaanza kusoma kwa sauti saa nane kamili, na kundi la soko ndilo litakalotangulia.