Ukiitwa Ofisini, Omba Mwakilishi



Hapa Minnesota nyumba zetu nyingi zina mtu anayefanya kazi hospitalini au katika makao ya wazee, kwa hiyo nitasema wazi. Nasikia wengi wenu mkionyana: ukiingia chama cha wauguzi, meneja atakununia, hamtaongea tena kama zamani. Ni kweli mazungumzo hubadilika. Wauguzi wakishachagua chama, mwajiri haruhusiwi kukuita pembeni mkapatana wawili juu ya mshahara au saa za kazi. Hayo huenda kwenye meza ya majadiliano. Wapo mameneja wema ambao jambo hilo huwauma. Lakini kumweleza meneja kwamba wagonjwa wamewazidi, hakuna anayekuzuia, na sasa ukiliandika neno lako kwenye fomu ya chama, haliishii koridoni. Mwaka 2022 wauguzi wapatao 15,000 wa Twin Cities na Duluth waligoma kwa siku 3, na uhaba wa wauguzi kwenye zamu ulikuwa miongoni mwa madai yao makubwa.

Naomba mnisikilize hasa hapa. Mwaka 1975, katika kesi ya Weingarten, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mfanyakazi mwenye chama akihojiwa na mwajiri, na akiwa na sababu ya kuhofia adhabu, ana haki ya kuwa na mwakilishi wa chama. Ila meneja halazimiki kukukumbusha. Usipoomba, umeikosa.

Na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Tumelelewa tusijibizane na mkubwa. Tunaitwa, tunaketi, tunainamisha macho, tunaitikia "ndiyo, ndiyo" ili yaishe, kumbe ile "ndiyo" inaandikwa kwenye faili kuwa tumekiri kosa. Inaniuma sana, maana wengine huponzwa na adabu yao wenyewe.

Dada zangu, kaka zangu, unaweza kuomba kwa heshima zote: "Ikiwa mazungumzo haya yanaweza kuniletea adhabu, naomba mwakilishi wangu wa chama awepo kabla hatujaendelea." Jifunzeni kuyasema hayo kwa Kiingereza kabla ya zamu yenu ijayo, na mwafundishe waliofika juzi.