Saratani ya Shingo ya Kizazi: Kupima Kabla ya Maumivu

Ndugu wakazi wa Kihesa, saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini. Huletwa na virusi vya papiloma, navyo huchukua miaka mingi kuharibu chembe za mwili. Muda wote huo mwanamke huenda shambani na sokoni bila kuumwa. Anayengoja maumivu hujikuta akisafiri karibu kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, akiwa amechelewa. Ilhali kipimo ni chepesi: mhudumu hupaka siki nyepesi, na penye mabadiliko hugeuka peupe kwa dakika chache. Anayeishi na VVU hupimwa mara nyingi zaidi.

Mabinti wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa dozi moja. Uvumi kwamba chanjo huharibu uzazi hauna ukweli. Aonaye damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo.