Mgeni Ajitoleaye na Mwalimu Aliyemkuta

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi kabla ya kujadiliwa hoja ya nyumba ya walimu wa kujitolea)



Nimeombwa niseme machache kabla hamjaijadili hoja ya vyama vitatu vinavyotaka fedha za mfuko wa elimu zijenge nyumba ya walimu wa kujitolea kutoka nchi za nje. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye kahawa yangu, na wageni wa namna hiyo nimefanya nao kazi. Ningependa tuulizane kwanza mgeni huyo anakuja kumsaidia nani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha VSO huko Uingereza, wakapeleka ng'ambo vijana wa miaka 18 waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza shule. Mwaka 1961 Marekani ikaanzisha Peace Corps, na mwaka huohuo ukaanza mpango mwingine wa kuleta walimu Wamarekani na Waingereza katika sekondari za Afrika Mashariki, ingawa hao walikuja kwa mshahara. Wakati ule Waafrika wenye shahada ya kufundisha sekondari walikuwa wachache mno. Mgeni alishika kipindi kisichokuwa na mwenyewe, na hakuna aliyeona kwamba amepokonywa kitu.

Leo hali ni nyingine. Shule zetu zina walimu waliosomea kazi. Wanachokosa ni vitabu, madawati, nyumba za kuishi na muda wa kutosha kusahihisha madaftari ya watoto tisini. Mgeni akija na kukabidhiwa darasa peke yake, huwa amewekwa mahali pa mtu aliyekuwapo.

Tena mipango hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani, karibu 7,000. Siwalaumu, kila mtu hurudi kwao penye hatari. Lakini popote ambapo mgeni ndiye aliyekuwa mwalimu pekee wa fizikia, somo liliondoka pamoja naye.

Wako pia wale wa wiki sita. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la pili hana lugha nyingine ya darasani. Mtu asiyejua kusema "ondoa mbili" atamfundishaje kutoa? Nimeona ilivyokuwa: nyimbo, michezo, picha nyingi, na mwalimu wa darasa amesimama ukutani kama mlinzi. Mgeni alipoondoka, watoto walimlinganisha mwalimu wao na yule aliyegawa peremende, na wazazi nao wakaanza kusema. Heshima ya mwalimu mbele ya watoto haipatikani upesi, Ndugu Wajumbe, na haitolewi na mfadhili yeyote.

Nimeona pia kazi njema, na hiyo ndiyo inayonizuia kuipinga hoja hii moja kwa moja. Alikuja mwalimu wa kike, mtu mzima, aliyefundisha kwao miaka ishirini na ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kabla ya kupangiwa shule. Wiki mbili za kwanza hakugusa chaki. Alikaa nyuma ya darasa, kisha akawauliza walimu kinachowalemea. Wakamwambia ni hesabu za sehemu: watoto hukariri bila kuona. Jioni wakakaa pamoja kwenye ofisi ya walimu, wakatengeneza zana kwa maboksi na vizibo vya soda, wakaandika andalio la somo kwa pamoja. Aliyefundisha kesho yake ni mwalimu wetu. Penye kasoro walizungumza baadaye, faraghani, na yule mama naye alikosolewa, kwani hakujua namna ya kutawala darasa la watoto tisini. Alipoondoka, zana zilibaki kabatini, na walimu wa shule jirani wakaja kuziiga. (Panya walikula baadhi, ndiyo maana naomba kabati liwe la chuma.)

Sasa nije kwenye fedha. Wale wafumaji wa Rochdale walioanza duka lao mwaka 1844 walikuja kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu. Sisi pia tumetenga, na kila shilingi imetoka kwenye kahawa ya mtu. Katika shule mbili kati ya tatu zinazotajwa, walimu wetu wamepanga vyumba gulioni na hutembea mwendo wa saa nzima kufika kazini. Tutawatazamaje usoni tukimjengea nyumba ya bati mgeni ambaye hajafika bado, nao wakiipita kila asubuhi na viatu vyenye matope?

Kwa hiyo napendekeza hoja irekebishwe. Nyumba iwe ya shule, yenye sehemu mbili. Moja aingie mwalimu wetu mara itakapokamilika. Ya pili ikae mgeni, na asipokuwapo mgeni, aingie mwalimu mwingine. Mwalimu mkuu na wenzake waandike wenyewe ni msaada gani wanaoutaka, kabla chama hakijajibu barua yoyote ya nje. Mgeni awe amesomea ualimu, akae si chini ya mihula miwili, awe na kibali cha ukaazi cha daraja C kinachotolewa kwa watu wa kujitolea, na barua ya polisi wa kwao kuhusu mwenendo wake, maana tunamweka karibu na watoto. Asiachiwe darasa peke yake. VSO imewahi kuchukua walimu kutoka Kenya na Uganda pia. Jirani anayejua Kiswahili asipitwe kwa sababu tu hakutoka Ulaya.

Makadirio ya nyumba ya sehemu mbili anayo Katibu Meneja. Yamezidi yale ya kwanza, na atawaeleza kwa kiasi gani.