Nani Ameweka Mlango wa Siri?



Tumeombwa tuzungumze juu ya simu na serikali zinazochunguza watu kwa siri. Wengine watasema: tunalala chini ya turubai, mambo ya kompyuta yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Majina ya jamaa waliobaki kijijini na ya wamama walioshuhudia mabaya yamo ndani ya simu zetu. Nyingi ni za Android, na kiini cha Android ni Linux, kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Finland. Maandishi yake yako wazi. Anayejua anaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyagawa bure. Hiyo ndiyo programu huria.

Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyokusanya habari za watu duniani kote. Septemba mwaka huo, kwenye mkutano mjini New Orleans, Torvalds aliulizwa kama serikali iliwahi kumwomba aweke mlango wa siri ndani ya Linux. Kinywa kikasema hapana, kichwa kikaitikia ndiyo. Watu wakacheka. Baadaye alisema ulikuwa mzaha. Sisi tuliokimbia vita hatukucheka sana.

La mwaka 2024 lilitushtua zaidi. Programu ndogo iitwayo XZ, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, naye amechoka. Mgeni aliyejiita Jia Tan akaja kumsaidia. Alifanya kazi kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili, huku wengine wakimsukuma mwenye kazi agawe mamlaka. Alipoaminiwa, akaingiza mlango wa siri. Fundi mmoja, Andres Freund, aliona kompyuta ikichelewa kama nusu sekunde kumpokea. Akachimba, akasoma, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza, kabla ubaya haujaenea. Wengi walishuku mkono wa serikali fulani, lakini haijathibitishwa ni ipi.

Habari hii tunaifahamu, au siyo? Ndivyo mpelelezi anavyoingia kambini: anabeba maji, anasaidia kuandika orodha, mwishowe orodha inakuwa yake.

Kama maandishi ya XZ yangefungwa, Freund angebaki kulalamika tu juu ya ile nusu sekunde. Kwa hiyo viongozi, mtu akileta programu ya kuandikisha familia, muulizeni kwanza: maandishi yake yako wazi? Nani mwingine ameyasoma? Majina yatawekwa wapi, na nani atayaona?

Na tusidanganyike, programu huria haiufumbi macho mnara. Kampuni ya simu inaona unampigia nani. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwetu kwa amri ya serikali. Basi majina ya mashahidi yasitumwe kwa ujumbe mfupi. Mwenye ushuhuda apelekwe ana kwa ana kwa mzee anayemwamini.