Kura ya Wanawake katika Nchi ya Uswisi

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za nchi ya Uswisi, iliyo katikati ya Ulaya, penye milima mirefu yenye theluji. Watu wengi waijua kwa ajili ya saa zake. Nasi twataka muijue kwa jambo jingine, nalo ni mabaraza yake. Huko raia hawachagui wakubwa tu, bali huitwa mara kadha kila mwaka kupiga kura juu ya sheria zenyewe. Tena katika majimbo machache hukusanyika uwanjani, kama watu wakutanavyo barazani chini ya mwembe, wakainua mikono, na shauri likakatwa.

Lakini ajabu ni hii: katika nchi iheshimuyo hivyo neno la raia, nusu ya raia walikuwa hawana neno. Wanawake wa Uswisi hawakupata kura katika mambo ya nchi nzima mpaka mwaka 1971. Wanawake wa Kenya walipiga kura mwaka 1963, yaani miaka 8 kabla yao.

Labda mtauliza, Je, wanawake wale walikuwa wamelala? La, hawakulala. Mwaka 1928, yalipofanywa maonyesho ya kazi za wanawake mjini Bern, walikokota njiani sanamu ya konokono mkubwa, ili watu wauone mwendo wa haki yao. Mwaka uliofuata walipeleka serikalini ombi lenye saini karibu 250,000, za wanawake na za wanaume pia. Ombi likapokewa, likawekwa.

Shida ilikuwa katika sheria yenyewe. Katiba haikuweza kugeuzwa ila kwa kura, na kura ilikuwa ya wanaume peke yao. Basi wenye haki ndio walioulizwa kama wasio nayo wapewe. Ni kama kuwauliza walioketi mkekani kama waliosimama nao wapate nafasi.

Tuwasimulieni habari ya kijiji kimoja cha mlimani, jina lake Unterbäch. Mwezi wa Machi 1957 wanaume wa Uswisi waliitwa kukata shauri kama wanawake nao walazimishwe kutumika katika ulinzi wa raia wakati wa vita. Wakubwa wa kijiji kile wakasema: Jambo hili lawahusu wanawake, basi nao na waulizwe. Wakubwa wa juu walikataa, lakini kijiji hakikurudi nyuma. Mwanamke wa kwanza kutia kura yake alikuwa Katharina Zenhäusern, na jumla yao waliokuja walikuwa 33. Kura zao zilitiwa katika sanduku la peke yake, wala hazikuhesabiwa pamoja na nyingine. Walijua hayo kabla ya kutoka nyumbani, wakaenda vile vile.

Mwaka 1959 wanaume wa nchi nzima waliulizwa, na katika kila watu watatu wawili walikataa. Mwaka 1971 wakaulizwa tena, na katika kila watatu wawili walikubali. Hata hivyo jimbo moja dogo, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kuwazuia wanawake katika baraza lake. Huko mwanamume huja uwanjani na upanga kiunoni, ndio alama ya haki yake. Mwezi wa Aprili 1990 wanaume wale walikataa kwa mara nyingine. Ndipo mwezi wa Novemba Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba wanawake lazima waingie. Mwaka 1991 waliingia.

Je, kura ilimaliza mambo yote? Hasha. Mpaka mwisho wa mwaka 1987 sheria ya ndoa ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, naye ndiye aliyechagua mahali pa kukaa. Sheria mpya iliyowafanya mume na mke kuwa sawa ilianza mwaka 1988. Usawa uliandikwa katika Katiba mwaka 1981, lakini miaka 10 baadaye mshahara ulikuwa bado si sawa. Kwa hiyo tarehe 14 Juni 1991 wanawake wapatao nusu milioni waligoma au walitoka njiani, na shauri hilo lilianzwa na mafundi wanawake wa saa. Mwaka 2010 wanawake walikuwa 4 katika mawaziri 7 wanaotawala nchi. Lakini hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mshahara wa mwanamke, kwa wastani, ulipungua kwa sehemu 16 hivi katika kila 100 ukilinganishwa na wa mwanamume.

Wazee wetu walisema, Haraka haraka haina baraka. Waliowachelewesha wanawake wa Uswisi walisema maneno kama hayo kwa muda mrefu. Lakini wazee wale wale walisema pia, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wako waliotia saini ombi la mwaka 1929 wakafa bila kuishika karatasi ya kura.

Basi, mabwana na mabibi, nanyi wanafunzi wetu, mtakapoketi tena barazani, hesabuni walioketi, kisha geukeni mwatazame waliosimama nyuma. Kama shauri lawahusu wao, ulizeni kama wameulizwa. Kijiji kidogo cha mlimani kiliweza kuuliza neno hilo, kabla nchi yake haijathubutu.

Kwaherini.