Mbwa na Vumbi la Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mbwa, yule mlinzi wa boma na zizi. Hatutazungumzia meno yake. Tutazungumzia vumbi analoingia nalo ndani ya nyumba, na vitu vilivyomo katika vumbi hilo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Mbwa wa mkulima hakai mahali pamoja. Asubuhi yuko nawe shambani, mchana amelala zizini, jioni amepita jalalani, na usiku unamkuta amejikunja karibu na mafiga. Kila anakopita hubeba udongo katika nyayo na manyoya. Akifika ndani hujikung'uta, na vumbi hutua kwenye mkeka, kwenye mto, na juu ya vyombo. Unafagia leo, kesho liko palepale.

Katika vumbi hilo mna vijidudu vingi, hasa bakteria. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nyumba 40 katika jimbo la North Carolina. Walipangusa sehemu mbalimbali za nyumba hizo, kisha wakatazama ni bakteria gani waliopo. Kwenye foronya za mito na kwenye vioo vya televisheni, nyumba zenye mbwa zilikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko nyumba zisizo na mbwa. Wengi wa hao wa ziada ni wale wanaoishi udongoni au mwilini mwa mbwa.

Je, ndugu msikilizaji, hiyo ni habari mbaya? Si lazima. Bakteria si wote adui zetu. Bila wao samadi haiozi, wala maziwa hayagandi kuwa mtindi. Mwaka 2014 wataalamu wengine wa Marekani walieleza kwamba waliwapa panya vumbi lililotoka katika nyumba yenye mbwa anayetoka nje. Panya hao, walipovutishwa vitu vinavyochokoza mapafu, mapafu yao yalivimba kidogo kuliko ya wenzao. Na matumboni mwao waliongezeka bakteria wa ukoo uleule wa wale wanaogandisha mtindi. Kwa hiyo wataalamu wanafikiri kwamba mtoto anayekua karibu na wanyama huenda mwili wake unajifunza mapema kutoshtuka ovyo, na hivyo akapungukiwa na hatari ya pumu. Lakini panya si mtoto wa mtu. Asije mmoja wenu akatupa ufagio kwa sababu ya maneno haya!

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mbwa anaweza kuleta kitu kingine ambacho hakina faida hata kidogo, nacho ni mayai ya minyoo. Mbaya kuliko wote ni tegu mmoja mdogo, hafiki hata urefu wa sentimeta moja, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe huonekana mzima kabisa. Lakini mayai hutoka pamoja na mavi yake, hunata kwenye manyoya, na huchanganyika na udongo. Mtoto anamshika mbwa, halafu anashika ugali bila kunawa. Basi, mayai yameingia. Ndani ya mwili hugeuka kuwa vifuko vya maji, hasa katika ini na mapafu, na vifuko hivyo hukua polepole kwa miaka mingi. Mara nyingi mgonjwa hugundua wakati tumbo limekwisha vimba, na huenda akahitaji kupasuliwa.

Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameujua ugonjwa huu kwa uchungu. Huko mbwa huishi karibu sana na watu, na eneo hilo lilipata kuwa miongoni mwa yale yenye wagonjwa wengi kabisa duniani.

Mbwa naye humpata wapi tegu huyo? Humpata kwetu sisi wenyewe. Tunachinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, tunakuta ini lina vifuko vya maji, tunasema, "Hili halifai, mtupie mbwa." Hapo ndipo tunapopanda mbegu ya ugonjwa. Mbwa akila, tegu huzaliwa tumboni mwake, mayai hurudi malishoni, mbuzi hula majani yenye mayai, na mzunguko unaanza upya.

Basi, tufanye hivi. Kwanza, ini au pafu lenye vifuko usimpe mbwa. Lichome moto, au lizike kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Hata matumbo na maini mengine, yachemshe sawasawa kabla ya kumpa. Pili, muone bwana mifugo akupe dawa ya tegu ya mbwa. Dawa hiyo huitwa prazikwanteli, na hutolewa kwa kurudia, si mara moja tu. Mavi yanayotoka baada ya dawa yazikwe. Tatu, mjengee mbwa kibanda chake nje, mbali na jiko na mahali pa kulala watoto. Nne, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, na mikeka ianikwe juani, kwa kuwa mayai ya tegu hupenda unyevu na kivuli lakini huchoka kwa jua na ukavu. Tano, watoto wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumchezea mbwa na kila kabla ya kula. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe vizuri.

Sikusema mbwa auawe wala afukuzwe. Nani atakayelinda zizi usiku? Vumbi lake la kawaida halitatuua. Kinachotudhuru ni lile ini bovu tunalomtupia kwa mikono yetu. Kwa hiyo siku ya kuchinja, kabla ya kuwasha moto wa nyama, chimba shimo kwanza.